Bomba la maji machafu likivuja kwenye nyumba mpya: nani analipa, na uanzie wapi

Doa la kwanza huwa dogo, upana wa kiganja, lina ukingo wa kahawia hafifu, kwenye dari iliyo chini ya bafu la ghorofani. Nyumba ina miezi minne. Rangi bado inanukia. Siku mbili za mwanzo unajipa moyo kwamba ni unyevu wa ujenzi unaotoka, kwa sababu zege na plasta mpya kweli hutoa maji kwa miezi kadhaa. Siku ya tatu doa limeongezeka upana wa kidole, na harufu inakupokea asubuhi kabla madirisha hayajafunguliwa. Hapo moyo unashuka. Akiba yote imeingia kwenye nyumba hii, na sasa inakuvujishia maji machafu kichwani.

Kinachofuata kwa wengi ni simu mbili. Ya kwanza ni kwa mjenzi, anayesema atapita wiki ijayo. Ya pili ni kwa fundi bomba yeyote aliye karibu, anayekuja na nyundo na tindo. Jioni ukuta umebomolewa, kiungio kimebadilishwa, kifusi kimetupwa na maji yameacha kudondoka. Dai lako limetupwa pamoja na kifusi. Mjenzi atakapofika atasema mambo mawili ambayo huna cha kuyajibu: hajui kilichokuwa ndani ya ukuta, na kazi iliyopo sasa si yake.

Hili ndilo kosa linaloumiza kuliko mengine yote, na linafanywa na watu makini kabisa, kwa sababu mtu akiona maji yanadondoka ndani ya nyumba yake anataka yakome leo. Lakini doa peke yake halithibitishi kosa la mtu. Doa ni matokeo. Anayelipa ni mwenye sababu, na sababu imejificha ndani ya ukuta, ndani ya slabu au chini ya ardhi, mahali ambapo nyundo inaweza kuifuta kwa nusu saa. Kwa hiyo kazi ya wiki ya kwanza ni mbili tu: kuzuia madhara yasienee, na kulinda ushahidi.

Kuzuia madhara ni wajibu wako hata kama kosa si lako. Ukiacha maji yadondoke mwezi mzima huku ukisubiri mjenzi, sehemu ya hasara itarudi kwako, na sheria za nchi nyingi zinakubaliana juu ya hilo. Acha kutumia kifaa kinachovujisha. Weka ndoo. Zima umeme wa taa za dari iliyolowa kwenye kikata umeme chake. Ikiwa dari ya jipsamu imefura na kuning'inia, toboa tundu dogo kwa bisibisi katikati ya uvimbe, ndoo ikiwa chini, kabla haijaanguka yote. Hayo yote unaweza kuyafanya bila kugusa bomba.

Kisha chukua penseli, uchore mpaka wa doa juu ya dari, na uandike tarehe na saa kando ya mstari. Kesho chora tena. Piga picha ukiwa umeshikilia rula kando ya doa, halafu picha nyingine ya mbali inayoonyesha chumba chote, ili mtu ambaye hajawahi kufika aelewe doa liko wapi. Kwenye daftari andika matumizi ya maji: saa ngapi watu walioga, saa ngapi choo kilivutwa, saa ngapi tone la kwanza lilionekana. Daftari la siku kumi la namna hii lina uzito kuliko barua tatu za hasira.

Sasa tafuta aina ya uvujaji, maana maji yanayodondoka kutoka darini yanaweza kuwa na baba wanne: bomba la maji safi, bomba la maji machafu, kizuia maji kilicho chini ya vigae vya bafu, au mvua. Kila mmoja ana fundi wake na hoja yake. Ukimwandikia mjenzi kwamba bomba la maji machafu linavuja, kisha ikaonekana ni mvua inayopenya pembeni mwa dirisha, hata madai yako ya kweli yatasikilizwa kwa mashaka.

Maji safi ni rahisi kuyathibitisha. Funga mabomba yote ya ndani, soma mita, subiri saa moja bila mtu kugusa maji, soma tena. Ikiwa mita imetembea, kuna bomba la presha linalovuja mahali fulani. Bomba la presha huvuja usiku na mchana, wakati la maji machafu huvuja maji yanapopita tu, na ndiyo maana daftari lako ni muhimu. Doa linalokua baada ya watu kuoga na kutulia familia ikisafiri linakuelekeza kwenye maji machafu, au kwenye sakafu ya bafu.

Kati ya hayo mawili kuna kipimo kisichogharimu kitu. Kwanza ingiza mpira wa maji moja kwa moja kwenye mdomo wa tundu la kutolea maji, bila kulowesha vigae, na uache maji yaende kwa dakika kumi. Tone likionekana chini, kosa liko kwenye bomba au kwenye kiungio cha tundu lenyewe. Lisipoonekana, subiri sakafu ikauke kabisa, ziba tundu, jaza maji sakafuni kina cha sentimita mbili hivi, weka alama ya penseli kwenye kigae pale maji yalipofika, na uache saa 24. Maji yakishuka chini ya alama na dari ikalowa, mkosaji ni kizuia maji. Mwisho ndipo unamwagia kuta. Vipimo hivi visichanganywe siku moja, kwa sababu zege hushika maji na kuyaachia polepole. Tone la leo usiku linaweza kuwa maji ya kipimo cha asubuhi.

Kwa choo na masinki tumia rangi. Unga wa fluorescein, ule wa kijani unaotumiwa na mafundi kufuatilia maji, unatosha kidogo sana kwenye ndoo moja, na huonekana vizuri zaidi ukimulikwa kwa taa ya urujuanimno. Weka rangi moja kwenye choo, nyingine kwenye sinki, na usubiri. Rangi itakayojitokeza kwenye dari ndiyo itakayotaja kifaa. Picha ya doa la kijani chini ya choo kilichotiwa kijani, yenye saa ya kutia na saa ya kuonekana, ni vigumu sana kuibishia.

Chini ya ardhi mambo hubadilika. Hakuna dari ya kuonyesha doa. Unaona udongo unaozama kando ya msingi, nyasi zilizonawiri kupita kiasi katika mstari mmoja, chumvi nyeupe ikipanda kwenye ukuta wa nje, au panya ambao hawakuwepo. Hapo unahitaji kamera ya bomba, inayopitishwa kutoka chemba moja hadi nyingine. Omba video nzima yenye kipimo cha umbali kinachotembea pembeni mwa picha. Ripoti ya picha tano zilizochaguliwa haitoshi. Na uelewe mipaka yake: kamera inaonyesha ufa, kiungio kilichoachana, mpira wa kiungio uliochungulia ndani, maji yaliyotuama. Haionyeshi uvujaji wenyewe. Kiungio kinaweza kupendeza kwenye kamera na bado kikamwaga.

Kinachothibitisha uvujaji wa ardhini ni kipimo cha maji. Ziba bomba upande wa chini kwa puto la kuzibia, lijaze maji kutoka chemba ya juu, liache saa moja litulie, kisha angalia kina kwa dakika 30. Kina kikishuka waziwazi, bomba linavuja. Hapo unahamisha puto kipande kwa kipande hadi upate sehemu yenyewe. Kwa bomba fupi la nyumba ya kawaida hii ni kazi ya siku moja, na inakuepusha kuchimba mita 15 kutafuta kasoro iliyo kwenye mita moja.

Ukishajua kifaa na eneo, andika. Simu haitoshi, na ujumbe wa sauti hautoshi. Barua au barua pepe yenye tarehe, fupi, isiyo na matusi. Kitu kama hiki: "Tarehe fulani tuligundua unyevu kwenye dari ya sebule chini ya bafu la ghorofani. Vipimo vya tarehe fulani, vilivyoambatanishwa, vinaonyesha maji hutoka baada ya choo kuvutwa. Tumeacha kutumia choo hicho. Ukuta haujafunguliwa. Tunawaomba mfike ndani ya siku 7 kukagua na kufungua mkiwa na sisi. Msipofika, tutamwita mtaalamu huru afungue na kurekodi, kisha tutadai gharama zake." Sentensi ya "ukuta haujafunguliwa" ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Inamwambia mjenzi kwamba ushahidi bado upo, na inamwondolea kisingizio kwamba hakupewa nafasi ya kurekebisha. Karibu kila mkataba wa ujenzi humpa nafasi hiyo kwanza. Ukimnyima, gharama za fundi wako unaweza usizirudishiwe hata kama kosa ni lake waziwazi.

Majibu huja ya aina chache. Wengine hufika, wanaangalia, wanakubali. Wengine humtuma kijana na kopo la silikoni apake pembeni mwa choo. Usikubali. Silikoni hufunga njia ya maji unayoiona na kuyaelekeza kwenye njia usiyoiona, na miezi mitatu baadaye uvujaji unaonekana chumba cha pili wakati kipindi cha dhamana kimeisha. Mwambie kwa maandishi kwamba upakaji bila kutafuta chanzo haukubaliki kama ukarabati.

Jibu la tatu ni "fundi bomba nilishamlipa, zungumza naye." Hapa wengi hupotea, wanaanza kumfukuzia fundi ambaye hawana mkataba naye. Kama mkataba wako ni na mjenzi mkuu, kazi ya mafundi aliowaleta ni kazi yake mbele yako. Atadaiana nao mwenyewe baadaye. Mambo ni tofauti ikiwa wewe ndiye uliyemwajiri fundi bomba moja kwa moja, ukanunua mabomba mwenyewe na kumlipa kwa siku. Hapo hakuna mjenzi mkuu wa kumdai kazi ya mabomba, na ikiwa kosa ni bomba bovu ulilolinunua wewe, fundi anaweza kukurudishia lawama kwa haki. Nyumba iliyonunuliwa ikiwa tayari imejengwa inategemea mkataba wa mauzo na sheria ya nchi: mahali pengine muuzaji aliyejenga anabanwa kama mjenzi, mahali pengine unabaki na kile kilichoandikwa tu.

Jibu la nne ni "ni matumizi yenu." Lisikilize, kwa sababu wakati mwingine ni kweli. Taulo za karatasi, mafuta ya jikoni na dawa kali za kuzibulia huziba na kuharibu. Msumari wa rafu uliyoipigilia mwenyewe unaweza kuwa ndani ya bomba. Gari zito linalopita juu ya bomba lililofukiwa kwa kina kidogo hulivunja. Lakini kuziba si kuvuja. Bomba lililozibwa na taka linapaswa kurudisha maji juu kwenye tundu la sakafu au chemba, si kuyatoa kwenye viungio. Mabomba ya maji machafu huwekwa ili yaweze kuhimili kujaa. Kama kuziba kumesababisha kiungio kumwaga, kuziba kumefichua tu kiungio kibovu.

Siku ya kufungua, awepo mjenzi au mtu wake, awepo mtu wako mwenye kuelewa, na kamera iwashwe kabla ya kigae cha kwanza kuinuliwa. Msikubali kuharakishwa. Ondoeni plasta kuzunguka bomba kwa tindo ndogo, si kwa nyundo ya umeme inayoweza kupasua bomba lenyewe na kuzaa ubishi mpya. Kausheni eneo kwa kitambaa, vuta choo, na angalieni tone linazaliwa wapi.

Mara nyingi kinachoonekana ni hiki. Elbo, yaani kiungio cha kona, ya inchi 4 chini ya choo, na bomba linaloingia kwenye soketi yake, ule mdomo mpana unaolipokea. Kina cha soketi ni milimita 50. Ukikata kipande na kukipasua kwa urefu, unaona kwenye bomba mstari wa uchafu pale lilipoishia: milimita 20. Zilizobaki ni tupu. Gundi imepakwa upande mmoja tu, na upande wa chini, ambako mkono wa fundi haukufika, plastiki inang'aa kama ilivyotoka kiwandani. Gundi ya PVC, plastiki ya mabomba haya, haigandishi kama gundi ya karatasi. Inayeyusha nyuso mbili zikawa kitu kimoja. Palipounganishwa vizuri huwezi kupatenganisha bila kuvunja. Hapa bomba linazunguka kwa vidole viwili.

Hiyo picha, yenye rula kando yake, inamaliza mjadala. Hakuna matumizi ya mwenye nyumba yanayoweza kuondoa gundi ambayo haikuwekwa. Kipande hicho kikiwa bado na unyevu, kitieni kwenye mfuko wa plastiki safi, mwandike tarehe na mahali kilipotoka, na wote waliopo watie saini juu ya mfuko.

Kuna sababu nyingine, na inafaa uzitambue, maana kila moja ina alama yake. Viungio vya mpira huvuja pale bomba lilipokatwa kwa msumeno na kuingizwa bila kuchongwa ncha. Ncha kali huukata mpira au kuusukuma ukaviringika nje ya mfereji wake. Huvuja pia pale fundi alipolisukuma bomba hadi mwisho bila kuliacha nafasi. PVC hutanuka karibu milimita 0.06 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Bomba la mita 3 linalopokea maji ya moto na kubadilika nyuzi 40 hutanuka milimita 7 hivi, na ndiyo maana kwenye kiungio cha mpira bomba huingizwa hadi mwisho, likawekwa alama, kisha likarudishwa nyuma milimita 10. Lisipopewa nafasi hiyo litaitafuta lenyewe, kwa kupinda au kwa kung'oa kiungio cha jirani.

Mabomba yanayoning'inia juu ya dari huvuja kwa kukosa vishikio. La milimita 50 linataka kishikio kila sentimita 60, la milimita 110 karibu kila mita moja. Likilegea, katikati hutuama maji na uzito huvuta viungio vya pande zote mbili.

Pale bomba linapopita kwenye ukuta wa msingi ndipo penye kasoro inayochelewa kujitokeza. Nyumba mpya hutulia kidogo kwenye ardhi yake. Bomba lililokazwa kwa zege ukutani hushuka na ukuta wakati sehemu iliyo kwenye udongo haishuki, na linakatika palepale. Kazi nzuri huacha nafasi ya milimita 50 kuzunguka bomba, iliyozibwa kwa kitu laini, au huweka kiungio kinachopinda ndani ya milimita 150 kutoka kwenye uso wa ukuta, kisha kipande kifupi kisichozidi milimita 600, kisha kiungio kingine. Ufa ulio sentimita chache kutoka ukutani, umekata mduara mzima, ni alama ya mtulio usiopewa nafasi. Ufa mrefu unaofuata bomba, au tundu lenye umbo la jiwe, ni alama ya kufukia kwa kifusi badala ya kokoto ndogo au mchanga.

Sasa suala la muda, ambalo linawaangusha hata wenye ushahidi mzuri. Kuna saa mbili zinazotembea kwa pamoja na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kipindi cha matazamio kilichoandikwa kwenye mkataba, mara nyingi miezi 6 au 12 tangu makabidhiano, ambapo mjenzi anapaswa kurudi na kurekebisha kasoro anazotajiwa. Ya pili ni ukomo wa kisheria wa kudai. Mjenzi anapokwambia "mwaka umeisha, dhamana imekwisha", anazungumzia saa ya kwanza. Ya pili kwa kawaida ni ndefu zaidi, hasa kwa kasoro fiche, yaani ile ambayo ukaguzi wa kawaida wa makabidhiano usingeweza kuiona. Kiungio kilichozikwa ndani ya slabu ni mfano wake kamili.

Urefu wa saa hiyo hutofautiana mno, na usitegemee cha jirani. Ufaransa ina dhamana ya mwaka 1 kwa kasoro zote zilizotajwa, miaka 2 kwa vifaa vinavyotenganishika, na miaka 10 kwa kasoro zinazohatarisha uimara wa jengo au kulifanya lisifae kwa matumizi yake. Ujerumani, sheria ya kawaida ya mikataba ya ujenzi inatoa miaka 5 tangu kupokea kazi. England na Wales, dai la mkataba wa kawaida ni miaka 6, na makazi yaliyokamilika baada ya tarehe 28 Juni 2022 yana miaka 15 chini ya sheria ya makazi yenye kasoro ya mwaka 1972. Tafuta idadi ya nchi yako siku uliyoona doa, kabla hujaanza mazungumzo marefu. Mazungumzo hayasimamishi saa isipokuwa sheria au makubaliano ya maandishi yaseme hivyo, na wapo wajenzi wanaojua kuzungumza vizuri hadi saa iishe.

Swali la nani alipe kazi ya kutafuta lina jibu kwenye mikataba mingi. FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri linalotunga mifano ya mikataba ya ujenzi, kwenye kitabu chake chekundu cha mwaka 1999, ina kifungu 11.8 kinachomtaka mkandarasi atafute chanzo cha kasoro akiagizwa na mhandisi. Ikionekana kosa si lake, mwajiri ndiye anayelipa. Mikataba midogo ya nyumba mara nyingi iko kimya, ila kanuni hiyohiyo ni ya haki na unaweza kuipendekeza kwa maandishi kabla ya kufungua: kosa likiwa langu nitalipa mimi, likiwa la ujenzi utalipa wewe. Anayejiamini hukubali.

Kwenye madai, usiishie kwenye kiungio. Kiungio chenyewe ni sehemu ndogo kabisa ya hasara. Weka kuvunja na kurudisha vigae, dari, rangi ya chumba chote kwa sababu kiraka huonekana, mbao zilizofura, kukausha na kuondoa ukungu, fidia ya vitu vilivyoharibika, kamera na mtaalamu. Ambatanisha risiti, na kwa kazi ambayo haijafanyika, makadirio mawili ya mafundi tofauti. Vigae ni mtego: vya aina ileile vikikosekana, dai ni sakafu nzima, na hilo lina ubishi mkubwa. Aliyehifadhi boksi moja la vigae vya ziada tangu ujenzi anajiokolea mgogoro mzima.

Kuna usichorudishiwa, na ni afadhali ukijue mapema. Siku ulizokosa kazi kusubiri mafundi, usingizi, ugomvi wa nyumbani kuhusu nani alimchagua mjenzi huyu: haya ni halisi na yanachosha, lakini ni machache yanayopata fidia. Bima ya nyumba nayo usiitegemee sana. Bima nyingi hulipa madhara ya maji yaliyomwagika ghafla na kukataa uvujaji wa polepole na kazi mbovu ya fundi. Hata hivyo toa taarifa mapema, kwa sababu kuchelewa ni sababu nyingine ya kukataliwa.

Mjenzi akikubali kurekebisha, kazi yako haijaisha. Simamia kiungio kipya: bomba likatwe mraba, ncha isafishwe na kuchongwa, alama ya kina iwekwe, nyuso zote mbili zifutwe na kupakwa gundi, bomba lisukumwe hadi alama kwa kulizungusha robo, lishikiliwe nusu dakika, kisha liachwe saa zilizoandikwa kwenye kopo la gundi kabla ya maji. Halafu kipimo, kabla ya kufunga. Kanuni za mabomba zinazotumika sehemu nyingi za Marekani hutaka maji yajazwe hadi kimo cha mita 3 na yakae dakika 15 bila kuvuja. Uingereza mabomba ya ndani hupimwa kwa hewa ya presha ndogo, ile inayoinua maji kimo cha milimita 38, kwa dakika 3. Chagueni kimojawapo, mwandike matokeo, mtie saini. Pimeni mfumo wote wa bafu lile, maana fundi aliyesahau gundi kwenye kiungio kimoja alikuwa na kopo lilelile kwenye vingine.

Haya yote yangefanyika kabla ya plasta, yangechukua nusu siku. Kwa anayejenga sasa, omba kipimo hicho kiwe sharti la malipo ya hatua ya mabomba, na kabla ya kuta na sakafu kufungwa piga picha kila bomba, tepu ya kupimia ikiwa imenyooshwa kutoka kona ya chumba hadi kwenye kiungio. Zuia asilimia 5 au 10 ya thamani ya mkataba, nusu itoke makabidhianoni na nusu mwisho wa kipindi cha matazamio. Lakini hili liandikwe tangu mwanzo. Kuzuia pesa ambayo mkataba hauruhusu kunaweza kukufanya wewe ndiye mvunja mkataba.

Baada ya ukarabati, usipake rangi dari mara moja. Acha wiki mbili tatu, tumia bafu kama kawaida, angalia mstari wako wa penseli. Omba pia barua fupi inayosema sehemu iliyorekebishwa inaanza kipindi kipya cha matazamio tangu siku hiyo. Na ule mfuko wenye kipande cha bomba, wenye saini za wote, usimpe mtu aupeleke "kuonyesha ofisini". Mpe picha. Mfuko ubaki kwako hadi malipo yote yawe yameingia.